Maswali na Majibu ya Ukoo: Mzee Mmoja, Majeshi Mawili

Barua tatu za mwezi huu zote zinamhusu mzee aliyekwenda vitani, na katika kila moja shahidi mmoja anasema hili huku mwingine akisema lile. Ya kwanza tumeijibu kwa kirefu, kwa sababu wasomaji wengi wana mkanganyiko wa namna hiyo hiyo.

SWALI

Ndugu Mhariri,

Namtafuta baba yake babu yangu mzaa baba, na kila nipatapo karatasi mpya ndipo anaponiponyoka zaidi. Jamaa zetu wa Tabora wametulea wakituambia kwamba mzee huyo alikuwa askari wa Mjerumani mwenye cheo kidogo cha ombasha, na kwamba alikuwapo Abercorn siku Lettow, kamanda wa Mjerumani katika Vita vya Kwanza vya Dunia, alipoweka silaha chini. Katika sanduku la marehemu babu, hata hivyo, tumekuta cheti cha kuachishwa kazi katika Keya, jeshi la Mwingereza. Cheti hicho kinasema kwamba mwenyewe aliandikishwa Dar es Salaam mwaka 1917, umri miaka 25, kabila Msukuma. Sisi hujiita Wanyamwezi. Jina la kwanza ni lile lile, ila jina la baba yake limeandikwa kwa namna tusiyoitambua vizuri. Kitabu cha ubatizo cha parokia kinaonyesha kwamba babu alibatizwa mwaka 1911, na baba yake ameandikwa kuwa askari, umri kama miaka 30. Shangazi yetu mkubwa anasisitiza kwamba mzee hakuwa Mnyamwezi wala Msukuma, bali Mmanyema aliyetokea Ujiji. Juu ya hayo, binamu yangu ameona katika orodha ya waliokufa vitani jina kama la mzee, la mpagazi aliyefariki mwaka 1918, ilhali sisi tuna stakabadhi ya kodi ya mwaka 1934 yenye jina lake. Je, nimwamini nani?

Kitukuu, Tabora

JIBU

Ndugu Kitukuu, swali la kumwamini nani liweke kando kwa sasa, kwa kuwa litakufanya uchague shahidi mmoja na kuwafukuza wengine kabla hujawasikiliza. Kwa kila karatasi na kila simulizi jiulize kwanza nani alisema, alimwambia nani, lini, na alitarajia kupata au kukwepa nini kwa kusema hivyo. Karani wa jeshi aliandika ili mtu alipwe mshahara na apewe namba, padri aliandika ili mtoto aingizwe katika Kanisa, na mtoza kodi aliandika ili fedha zionekane zimelipwa. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa akiandika historia ya ukoo wenu. Ndiyo maana kila mmoja alikuwa makini katika jambo lililomhusu na mzembe katika mengine.

Tuanze na lililo jepesi. Mpagazi aliyefariki mwaka 1918 hawezi kuwa mtu aliyelipa kodi mwaka 1934. Iwapo stakabadhi hiyo inataja kijiji chenu au jumbe wenu, na ilitunzwa mikononi mwa familia tangu mwanzo, mwondoe mpagazi huyo katika hesabu. Orodha za vita vile zimejaa watu walioitwa Juma bin Hamisi au Ali bin Salim, na jina peke yake halitoshi kumtambulisha mtu. Hata hivyo, usiifute kabisa kumbukumbu ya binamu yako. Iandike pembeni pamoja na kikosi na mahali pa kifo, kwa sababu huenda ni ndugu au somo wa mzee ambaye bado hamjamfahamu.

Sasa tuje kwenye mgongano wenyewe. Lettow-Vorbeck alisalimu amri Abercorn, mji ambao leo unaitwa Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kusimama Ulaya. Mtu aliyeandikishwa Keya mwaka 1917 na kubaki humo hawezi kuwa miongoni mwa waliosalimu amri siku hiyo. Kwa hiyo simulizi ya familia, kama inavyosimuliwa, na cheti, kama kilivyoandikwa, haviwezi kuwa kweli vyote viwili kwa mtu mmoja. Lakini angalia vizuri ni nini hasa kinachogongana. Kuwa askari wa Mjerumani hakupingani na kuwa askari wa Keya, wala cheo cha ombasha hakipingani na cheti hicho. Kinachopingana nacho ni Abercorn peke yake.

Wengi wetu tumezoea kudhani kwamba askari wa zama zile alikuwa wa upande mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, jambo ambalo historia ya majeshi yale hailikubali. Keya, kwa maana ya King's African Rifles, iliundwa mwaka 1902 kwa kuunganisha vikosi vilivyokuwapo Nyasaland, Uganda na Kenya ya wakati huo. Mwaka 1911 Waingereza walikivunja kikosi cha 2 cha Keya kilichotoka Nyasaland ili kupunguza gharama, na baadhi ya askari wake wakavuka mpaka na kujiandikisha kwa Mjerumani. Miaka michache baadaye mkondo ukageuka. Waingereza walikuwa wameteka sehemu kubwa ya nchi, walihitaji askari wengi waliokwisha kupata mafunzo, na kambi zao zilijaa mateka wanaojua kazi. Kikosi cha 6 cha Keya kiliundwa mwaka 1917, na ndani yake walikuwamo wengi waliokuwa wametekwa wakiwa askari wa Mjerumani au waliokuwa wameliacha jeshi lake. Tabora yenyewe ilikuwa imeangukia mikononi mwa majeshi ya Ubelgiji tangu Septemba 1916. Askari wa Mjerumani aliyebaki nyuma wenzake waliporudi kusini, kwa ugonjwa, kwa jeraha au kwa kuchoka, angeweza kabisa kujikuta Dar es Salaam mwaka uliofuata akivaa sare nyingine. Kwa hiyo tazama namba ya kikosi katika cheti chako kabla ya kitu kingine chochote. Ikiwa ni 6, mgongano mkubwa kati ya familia na karatasi umepungua kwa kiasi kikubwa.

Basi Abercorn ilitoka wapi? Waliosalimu amri pamoja na Lettow walikuwa askari zaidi kidogo ya 1,100, wakati waliopita katika jeshi lake kwa miaka yote minne walizidi 10,000. Kwa hesabu hiyo pekee, familia nyingi zinazosema mzee wao alikuwa Abercorn haziwezi kuwa sahihi zote. Zaidi ya hapo, askari wale hawakuachwa waondoke moja kwa moja kutoka Abercorn. Walipelekwa hadi Tabora, wakawekwa kambini huko, wakati ambapo homa kali ya mafua ya mwaka 1918 ilikuwa ikiwaua wengi. Mji wenu uliwaona kwa macho. Mzee aliyekuwa tayari amerudi nyumbani, au aliyerudi baadaye, aliishi jirani na watu waliotoka Abercorn kweli, akaketi nao barazani, na yamkini wengine walikuwa wenzake wa kombania moja kabla hajatekwa. Si ajabu wajukuu waliosikiliza mazungumzo hayo wakamhesabu pamoja nao. Tena usisahau kwamba askari wa kikosi cha 4 cha Keya walikuwapo Abercorn siku ile upande wa washindi. Mtu anaposema "mzee alikuwapo", usimjazie upande ambao yeye hakuutaja.

Kipo kipimo kimoja ambacho wazee wenu wanaweza kukusaidia nacho, na mimi ningeanza nacho kabla ya kwenda hifadhi yoyote ya nyaraka. Lettow hakuwa na fedha za kuwalipa askari wake mwishoni mwa vita, kwa hiyo walipewa vyeti vya malimbikizo ya mshahara waliokuwa wakidai. Ujerumani ililipa baadhi ya madai hayo katika miaka ya 1920, na mwaka 1964 Ujerumani Magharibi ilikubali tena kuwalipa wazee waliokuwa bado hai. Inasimuliwa kwamba wengi waliofika Mwanza kwa malipo hayo hawakuwa na karatasi yoyote, ndipo wakapewa ufagio na kuamriwa kwa Kijerumani wafanye gwaride la bunduki, na wakalifanya bila kukosea. Waulize basi wazee: je, mzee aliwahi kudai fedha kwa Mjerumani, au kulalamika kwamba hakulipwa? Deni la mshahara halisahauliki upesi katika familia. Ikiwa hakuna hata mmoja aliyewahi kulisikia, Abercorn inazidi kuwa ya mashaka. Ikiwa walilisikia tena na tena, itabidi tukitazame cheti kwa jicho lingine.

Kuhusu ombasha, simulizi hiyo naipa uzito kuliko ile ya Abercorn. Vyeo vya ombasha, shaushi, soli na efendi vilitumika katika jeshi la Mjerumani, ambalo lilianza mwaka 1889 likiwa na askari wengi wa Kisudani walioletwa kutoka Misri, na vyeo hivyo vikaja pamoja nao. Familia inaweza kukuza sifa za mzee, lakini ni nadra kubuni cheo kidogo na kukitaja kwa jina lake sahihi la kijeshi. Tahadhari ni kwamba Wasudani walikuwa pia upande wa Waingereza, hasa Uganda, kwa hiyo cheo hicho kinaelekeza kwa Mjerumani bila kuthibitisha.

Neno "askari" katika kitabu cha ubatizo nalo lina utata wake. Mjerumani alikuwa na jeshi na alikuwa pia na polisi, na watu wa pande zote mbili waliitwa askari. Mwaka 1911 baba yake babu angeweza kuwa mlinzi wa boma asiyewahi kwenda vitani, kisha akachukuliwa jeshini mwaka 1914 vita vilipoanza. Nenda ukaione kurasa yenyewe, usitosheke na dondoo uliyopewa ofisini. Vitabu vya parokia za Kikatoliki vya wakati huo kwa kawaida viliandikwa kwa Kilatini, na katika nafasi ya pembeni mapadri waliongeza habari za ndoa, kifo au kuhama miaka mingi baadaye. Mwombe paroko akusomee pia jina la msimamizi wa ubatizo. Askari aliyetoka mbali mara nyingi alimchagua mwenzake wa kambini, na jina la mwenzake huyo linaweza kuonekana katika karatasi nyingine ambamo la mzee wako halimo.

Umri usikusumbue sana. Karatasi moja inamfanya awe amezaliwa kama mwaka 1881 na nyingine kama mwaka 1892, lakini zote mbili ni makadirio ya mtu aliyemtazama usoni. Padri alimwona baba mwenye mtoto akamwongezea miaka, naye ofisa wa kuandikisha alitaka vijana, na mtu aliyetaka kazi hakuwa na sababu ya kujizeesha. Tofauti ya miaka 11 haitoshi kuwatenganisha watu wawili, ingawa ingekuwa 20 ningesita.

Kabila ni jambo lenye maana zaidi, na hapa ndipo shangazi yako anapohitaji kusikilizwa. Cheti kinasema Msukuma, shangazi anasema Mmanyema, na familia inasema Mnyamwezi. Wengi wangeona hapo fujo tupu. Mimi naona kwamba mashahidi wawili ambao hawakuwahi kukutana, yaani karani wa Dar es Salaam na mama aliyelelewa Tabora, wanakubaliana katika jambo moja: mzee hakuwa Mnyamwezi wa kuzaliwa. Shangazi hana heshima wala shamba atakalopata kwa kusema mzee alitokea Ujiji, na neno la namna hiyo, linalosemwa dhidi ya msimamo wa ukoo mzima, halipaswi kupuuzwa. Jeshi la Mjerumani lilipenda watu waliokuwa mbali na kwao, na askari aliyestaafu alikaa pale alipooa, watoto wake wakachukua kabila la mahali. Kwa nini basi karani aliandika Msukuma? Sababu zinaweza kuwa nyingi. Huenda aliandikishwa pamoja na kundi la Wasukuma, akaandikwa kama wao. Huenda mwenyewe alitaja kabila ambalo ofisa alilijua na kulipenda. Mateka aliyekuwa akijaribu kupata kazi upya alijua kwamba maswali kuhusu asili yake hayakuwa ya mazungumzo tu.

Jina la baba yake nalo lisomeke kwa sauti. Karani Mwingereza aliandika alichosikia, na mara nyingi alichosikia kilipitia kwanza kinywani mwa mkalimani wa kabila jingine. R na L hubadilishana, H ya mwanzo hudondoka au huongezwa, Hamisi huwa Khamis au Amisi, na jina la Kimanyema lenye sauti ambazo karani hakuzizoea hugeuzwa kuwa jina la Kiislamu linalofanana nalo kidogo. Liandike jina lililo katika cheti, mpe shangazi alisome au asomewe polepole, kisha nyamaza umsikilize. Usimwambie mapema unatarajia liwe nani.

Baada ya kusema yote hayo, ni lazima pia ulijaribu wazo la kinyume kwa nguvu ile ile: kwamba cheti ni cha mtu mwingine kabisa. Cheti cha Keya kilikuwa mali yenye thamani. Kilimwezesha mtu kupata kazi ya polisi, ulinzi au utarishi chini ya serikali ya Mwingereza, na mtu hakukitupa. Kiliweza kuachwa kwa rafiki, kurithiwa na mjane aliyeolewa tena, au kubaki sandukuni mwa mzee kwa sababu mdogo wake alifia nyumbani kwake. Kukutwa ndani ya sanduku lenu kunaonyesha kwamba kilitunzwa na familia, wala hakusemi zaidi ya hapo. Tafuta kwenye cheti urefu wa mwili, makovu, chale au alama nyingine, kwa kuwa vyeti vya namna hiyo mara nyingi vilizitaja, kisha waulize waliomwona mzee akiwa hai au waliosimuliwa na waliomwona. Kovu la mkono wa kushoto linalokumbukwa na shangazi na kuandikwa na karani lina nguvu kuliko majina kumi. Tazama pia jina la mtemi au jumbe. Ikiwa karani ameandika mtemi wa Usukuma ambaye ukoo wenu haujawahi kuwa na uhusiano naye, mizani inaelemea upande wa watu wawili.

Njia ya kuyapanga haya ni kuchukua karatasi moja kubwa na kuandika kwa mfuatano wa tarehe na mahali, bila kujali habari imetoka kwa nani: mwaka 1911 Tabora, mwaka 1917 Dar es Salaam, mwaka 1934 kijijini. Kisha angalia kama upo wakati ambapo mtu huyo analazimika kuwa mahali pawili kwa pamoja. Je, alizaliwa mtoto nyumbani mwaka 1918 wakati mwenye cheti yumo jeshini kusini mwa nchi? Likizo ilikuwapo, lakini haikuwa rahisi. Mgongano wa aina hiyo ndio unaowatenganisha watu, na usipoupata baada ya kuutafuta kwa bidii, wazo la mtu mmoja linapata nguvu linayostahili.

Kuhusu hifadhi, usiweke matumaini makubwa Ujerumani. Sehemu kubwa ya nyaraka za jeshi iliteketea Potsdam kwa mabomu ya Aprili 1945, na kilichobaki Berlin kuhusu makoloni kinahusu zaidi utawala na maofisa kuliko askari mmoja mmoja. Hifadhi ya Taifa jijini Dar es Salaam ina majalada ya serikali ya Mjerumani, na humo masuala ya maboma na polisi yanaweza kuwa na manufaa kwako kuliko ya vita. Huko Kew, London, kwenye hifadhi ya taifa ya Uingereza, zipo shajara za vita za vikosi vya Keya katika fungu la WO 95 na barua za Keya katika CO 534. Shajara hizo mara nyingi huwataja maofisa Wazungu kwa majina na kuwahesabu askari Waafrika kwa idadi tu. Hata hivyo zitakuambia kikosi kilikuwa wapi siku gani, na hiyo ndiyo unayoihitaji kwa ile karatasi yako kubwa.

Kama ningelazimika kutoa maoni leo, ningesema kwamba mzee wenu alikuwa askari wa Mjerumani aliyetokea Ujiji, akatekwa au akabaki nyuma mwaka 1916, akaingia Keya mwaka uliofuata, na kwamba Abercorn iliongezwa baadaye. Huenda neno "Keya" lilinyamaziwa na familia kwa sababu miongoni mwa maveterani wa Mjerumani pale Tabora halikuwa la kujivunia. Maoni hayo yanasimama kwa mguu mmoja, yaani namba ya kikosi kwenye cheti. Ikiwa si 6, tuandikie tena.

SWALI

Ndugu Mhariri,

Baba wa nyanya yangu alichukuliwa kwenda Kariokor, yaani kikosi cha wapagazi wa vita, na hakurudi. Mzee mmoja wa ukoo husema alichukuliwa mwaka 1914, lakini habari nyingine nilizopata zinasema 1917. Nimetafuta jina lake katika orodha za makaburi ya vita na halimo popote, na sasa baadhi ya jamaa wanasema hakufa bali aliitoroka familia. Nifanyeje?

Mtafutaji, Machakos

JIBU

Ndugu Mtafutaji, kukosekana kwa jina lake katika orodha hakuthibitishi lolote, na jamaa wanaomshutumu mzee kwa sababu hiyo wanamwonea. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola yenyewe ilikiri katika ripoti ya Aprili 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000, na labda wafikao 350,000, waliokufa wakiutumikia ufalme wa Uingereza katika vita vile hawakukumbukwa kwa majina, na wengine huenda hawakukumbukwa kwa namna yoyote. Wengi wao walikuwa Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati. Kwa wapagazi na askari wa Afrika Mashariki zilijengwa sanamu Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam zisizo na jina la mtu hata mmoja.

Miaka hiyo miwili inaweza kuwa sahihi yote. Kikosi cha wapagazi kilianzishwa Nairobi mwaka 1914 chini ya Oscar Watkins, na watu wa mwanzo walikwenda kwa mkataba wa miezi michache wakarudi. Mwaka 1917, majeshi yalipokuwa yakisukuma kusini kutoka Kilwa na Lindi, John Ainsworth alisimamia uandikishaji mkubwa wa lazima uliosomba wanaume wilaya kwa wilaya. Baadhi ya waliokwisha kwenda mara ya kwanza walichukuliwa tena. Huenda mzee wenu anakumbuka safari ya kwanza, na zile habari nyingine ulizopata zinahusu ya pili.

Waliokufa walikufa zaidi kwa kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na njaa kuliko kwa risasi. Makadirio ya vifo vya wapagazi wa upande wa Waingereza hupita 90,000. Mpagazi alitambulishwa kwa namba, na jina lililoandikwa pamoja nayo huenda lilikuwa la utani, la Kiswahili alilopewa kambini, au hata la mzee wa kijiji aliyempeleka. Kwa hiyo nenda katika Hifadhi ya Taifa jijini Nairobi ukatazame ripoti za mwaka za wilaya ya Machakos za 1917 hadi 1920 na majalada ya kazi na mishahara, huku ukitafuta jina la mkuu wa eneo na idadi ya waliotoka kwake. Mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia warithi kamwe, na malalamiko kuhusu fedha hizo ndiyo wakati mwingine yanayotaja jina ambalo halimo mahali pengine popote.

Kwamba huenda alibaki Tanganyika si jambo la kukataa, kwani wapo waliofanya hivyo. Lakini anayedai mtu alihama anapaswa kuonyesha alihamia wapi. Kati ya mpagazi aliyekufa porini mwaka 1917 na mpagazi aliyeoa Morogoro, wa kwanza ndiye aliyekuwa wa kawaida zaidi.

SWALI

Ndugu Mhariri,

Tuna medali ya babu mkuu. Baba anasema ni ya vita vya Bama (Burma), yaani vita vya pili, shangazi anasema ni ya vita vya Mjerumani. Karatasi hazipo. Utaratibu wa kujua ni upi?

Mwana wa Mvita, Mombasa

JIBU

Ndugu Mwana wa Mvita, isimamishe medali kwa upande wake mwembamba karibu na dirisha, mwanga ukiingia kwa mshazari, na uuzungushe ukingo polepole chini ya kioo cha kukuzia. Medali za Uingereza za vita vya kwanza ziligongwa ukingoni namba, cheo, jina na kikosi cha mwenyewe, na askari wa Keya wamo. Herufi ni ndogo na mara nyingi zimelika upande uliokuwa ukigusa nguo. Usiisugue kwa majivu wala dawa ya kung'arishia. Weka karatasi nyembamba juu ya ukingo na upitishe penseli laini, herufi zitajitokeza zenyewe. Nyota za vita vya pili, ikiwamo ile ya Burma, Waingereza walizitoa bila jina, kwa hiyo ukingo mtupu unaegemea upande wa baba yako.

Sura yake nayo itasema. Ya fedha yenye kichwa cha mfalme upande mmoja, na mpanda farasi aliye uchi na miaka 1914 na 1918 upande wa pili, ni ya vita vya kwanza. Ya shaba yenye mwanamke mwenye mbawa ni ya vita hivyo hivyo, na nyuma yake imeandikwa 1914 hadi 1919. Familia nyingi zimeusoma mwaka huo zikasema mzee alipigana hadi 1919, ingawa huku kwetu mapigano yalikoma Novemba 1918. Ikiwa ni nyota yenye ncha sita, ni ya vita vya pili, na jina la uwanja wa vita limeandikwa katikati yake.

Inawezekana pia kwamba baba na shangazi wanazungumzia medali mbili na moja imepotea, au wazee wawili, baba na mwanawe, waliokwenda vita tofauti kwa kupishana miaka 25. Tutumie maandishi ya ukingoni kama yalivyo, pamoja na nukta na namba, bila kuyasahihisha.